Sufuria la Msiba na Mpelelezi Mwenye Machozi

Mimi si mwizi. Naanza na hilo maana kijijini kwetu, huku Masukulu, wapo wanaoniteta mpaka leo.

Nilikuwa mtunza vyombo wa kikundi chetu cha akina mama. Lile sufuria kubwa la kupikia misibani, linalomeza mbuzi mzima, lilikaa jikoni kwangu. Siku moja nikakuta halipo. Mwenyekiti wa kikundi, mama asiye na dogo, akapiga simu polisi akasema nimeliuza, na lisipoonekana kesho yake nikalale mahabusu Tukuyu. Nami nanyonyesha!

Kesho yake mpelelezi akaja. Aliletwa na balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye ndiye baba mkwe wangu. Sasa, kwa Wanyakyusa wa zamani kama yeye, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala hasemi naye. Wengi wameacha, yeye hajaacha. Akikaribia kwangu hukohoa, mimi natoweka. Alipokohoa siku ile nikajitosa migombani, mtoto mgongoni.

"Anakimbia huyo!" mpelelezi akapiga kelele, akanifuata na viatu vyake vya mjini. Kwa tope lile, wee! Aliteleza akakaa chini puu. Nikageuka nikitegemea pingu, kumbe mtu analia.

"Hata wewe unanikimbia," alisema. "Mke wangu kaondoka, hii wiki ya tatu. Kila mtu ananikimbia."

Jamani, nilimhurumia. Nikampa kanga ya mtoto apenge kamasi. Nikamweleza simkimbii yeye, namkimbia mzee. Akafuta macho, upelelezi ukamrudia.

"Na jana mzee alikohoa?"

"Alikohoa. Nikakimbia mpaka mtoni."

"Jikoni akabaki nani?"

Nimtaje baba mkwe wangu kwa polisi? Heri mahabusu. Machozi yakanitoka, naye akaanza upya, tukalia wote wawili chini ya mgomba mmoja.

Ndipo nyuma yetu ikasikika sauti ambayo kwa miaka sita haikuwahi kunisemesha.

"Mkwe, usilie. Sufuria liko kwangu. Jana nilisema nalichukua, nilisema kwa sauti kabisa, kumbe umeshafika mtoni. Naloweka miguu, baridi imenitesa. Mbele ya polisi nikaona aibu."

Sufuria la msiba! Miguu! Mpelelezi alicheka mpaka akapaliwa, halafu akalia tena kidogo. Alisema laiti mke wake naye angekimbia mpaka mtoni tu, kisha akarudi.

Akina mama walilisugua kwa majivu siku mbili, na bado wapo wanaokataa kula msibani. Mimi heshima sijaiacha. Mzee akikohoa nakimbia, ila siku hizi naishia mgomba wa tatu, nimsikie anachosema.