Mhojiwa wa Nne

Mashine ilisema nimeiba. Haikusema kwa ukali. Ilipaka tu rangi nyekundu sura ya tatu ya tasnifu yangu, karibu yote, na pembeni ikaonyesha kwamba maneno hayo yana mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa nne wa shahada ya uzamili ambayo wenzangu waliimaliza kwa miwili. Nafundisha Kiswahili sekondari, Musoma mjini, na nusu ya kazi yangu ni kugombeza watoto walionakiliana insha. Ofisi nzima ya walimu ilishajua kwamba mwaka huu navaa joho. Fundi alishanipima gauni la kuvaa chini yake. Sasa programu ya chuo ya kukagua wizi wa maandishi inaniita mwizi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba sura yenyewe ilikuwa maneno ya baba yangu. Nilimrekodi kwa simu yangu mwenyewe, uani kwetu Butiama, kuku wakipiga kelele.

Sura hiyo ilihusu jiwe. Kwetu mgeni akifika alfajiri, kabla ng'ombe wa mwisho hajakamuliwa, haingii. Anasimama nje ya ua, ameshika jiwe kwa mkono wa kulia, na hasemi neno mpaka aitwe. Nimekua nikiona hivyo. Katekista alilishika, bwana mifugo alilishika, hata shemeji yangu siku aliyokuja kujitambulisha alilishika, tena kwa unyenyekevu ambao hatujauona tena. Baba alinieleza mila hiyo vizuri mno, nikaona aibu kuichezea. Nikaandika kama alivyosema, kisha nikaongeza kurasa nne za uchambuzi: jiwe kama uzito wa ugeni, jiwe kama agano, jiwe kama ardhi inayompokea mtu kabla ya watu. Kurasa hizo nne mashine haikuzigusa. Ilithibitisha kwamba hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuwaza hivyo.

Baba alikuwa na sharti moja tu. Nilipozima simu aliniambia, "Mama, safari hii jina langu liandikwe." Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Kuna mgeni alikuwaga anakuja hapa zamani, anaandika mpaka daftari linajaa. Alisema ataleta kitabu chenye jina langu. Mpaka leo nangoja."

Nikaahidi. Mtu ambaye hajasoma mwongozo wa chuo huahidi kwa urahisi sana.

Msimamizi wangu alikaa Mwanza, kwa hiyo tulikutana Bunda, katikati ya njia, kwenye mgahawa aliousifia sato wa kuchemsha. Alikuwa na tabia ya kutoa uamuzi huku akitoa mwiba mdomoni.

"Mwalimu, umenakili."

"Dokta, yale ni maneno ya baba yangu."

"Baba yako amechapishwa wapi?"

Hakuchapishwa popote. Aliyechapishwa alikuwa yule mgeni wa daftari. Makala yake ya zamani ilikuwa na kiambatisho cha mahojiano, kwa Kiswahili, na yalilingana na rekodi ya simu yangu karibu neno kwa neno, maana baba alikuwa ameirudia habari ile miaka na miaka bila kuibadilisha. Msimamizi akaniagiza niwatafute wote walioandika juu ya jiwe, niwataje mmoja mmoja, na mgeni nimpe haki yake.

Nilifanya kazi hiyo kwa bidii ya mtu aliyeonewa. Nilibandika karatasi za manila ukutani sebuleni, nikachora mishale: huyu kamtaja yule, yule kamtaja mwingine. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Mmoja aliona uzazi ndani ya jiwe. Mwingine aliona amani kati ya koo. Yupo ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alifika Musoma akaugua tumbo, hakutoka hotelini mpaka siku ya kuondoka, lakini akaona mabaki ya dini ya kale. Mishale yote ukiifuata ilirudi kwa mgeni. Na mgeni, chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, alikuwa na chanzo kimoja: mfugaji mmoja wa Butiama.

Jumamosi nilikunja manila zangu nikaenda nyumbani. Nilimkuta baba uani anamenya karanga. Nikazitandaza chini, nikazikandamiza kwa vigoda zisipeperuke, nikamweleza mishale. Aliinama akazitazama muda mrefu.

"Wote hawa wanasema habari ya jiwe?"

"Wote, baba."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka ungo wa karanga chini.

"Mama, lile jiwe nilitunga mimi."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Yule mgeni alikuwa mtu mzuri," akasema, "ila alikuwaga anakuja giza bado liko. Mama yako anakamua, yeye amesimama pale pale anaandika. Ng'ombe anabana maziwa. Mama yako ndiyo kwanza nimemuoa, anaona aibu, ananiambia mfukuze huyu. Sasa mgeni utamfukuzaje? Nikamwambia kwetu kuna mila. Simama nje, shika jiwe, nyamaza."

"Kwa nini jiwe?"

"Mkono wa kulia, mama. Ukishika jiwe, kalamu utaishika na nini?"

Nilizikumbuka kurasa zangu nne. Agano. Ardhi inayompokea mtu kabla ya watu. Nikacheka na mimi, tena kwa sauti, mpaka jirani akachungulia. Baba akaendelea kunieleza kwamba mama, Mungu amrehemu, aliupenda utulivu ule wa asubuhi, basi wakaendelea na jiwe hata mgeni alipoondoka. Majirani wakaona, wakaiga. Mabinti walioolewa Kiabakari wakaenda nalo huko. Mimi nilipopata akili, jiwe lilikuwa langoni na hakuna aliyeuliza.

Nilifundishwa chuoni kwamba mila haina mtunzi. Hii ilikuwa naye, ameketi mbele yangu, maganda ya karanga yamejaa kwenye suruali. Katika manila zangu zote alikuwa ndiye mtu pekee aliyetunga kitu, na ndiye pekee asiye na jina. Nilimwonea fahari siku ile kuliko siku yoyote maishani mwangu.

"Basi andika hivyo," akasema. "Weka jina langu, useme huyu ndiye aliyetunga."

Nilirudi Bunda nikiwa na furaha ya kitoto. Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa mwiba.

"Una makala zote hizi zinazosema ni mila, na una mzee mmoja anayesema alitunga."

"Ndiye aliyetunga, Dokta."

"Chanzo chako ni nini?"

"Ni yeye."

"Mwalimu, mzee husahau. Maandishi hayasahau."

Kisha akanieleza, kwa upole ambao sikuweza kuukasirikia. Kama jiwe limetungwa, basi si mila. Tasnifu yangu inahusu mila. Kwa hiyo nibadili mada, nirudi kukusanya data upya, mahafali tutayazungumza mwaka mwingine, Mungu akipenda. Au nimtaje mgeni katika kila aya, na baba abaki kwenye orodha ya wahojiwa, kwa namba, na wekundu utaondoka siku hiyo hiyo.

"Kwa nini namba?"

"Mwongozo unakataza kutaja jina la mhojiwa. Ni kwa ajili ya kumlinda."

"Kumlinda na nini?"

Alifikiri kidogo. "Na madhara," akasema.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilisimama, nikakunja manila zangu, nikaondoka. Niliagiza soda. Nikafungua kompyuta pale pale mezani nikaanza kumwingiza mgeni, aya baada ya aya, ndani ya mabano, mpaka sura nzima ikawa yake. Baba akawa Mhojiwa wa Nne. Wa tatu alikuwa jirani yetu, ambaye jiwe alilijulia kwa baba. Mashine ikaniletea rangi ya kijani. Nikatia saini tamko la kwamba kazi hii ni yangu mwenyewe, haijanakiliwa kwa mtu yeyote.

Nilivaa joho. Gauni lilinikaa vizuri. Nilifurahi, siwezi kudanganya, na niliona aibu, hasa wakati wa picha.

Nakala yenye jalada gumu niliipeleka Butiama wiki iliyofuata. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi. Baba alipangusa mikono kwenye shati, akakipokea kitabu kwa mikono miwili. Macho yake siku hizi hayawezi herufi za ndani. Yanaweza zile kubwa tu. Akapitisha kidole juu ya jalada, kwenye herufi za dhahabu, pale ambapo chuo kiliandika jina langu kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa: langu, lake, la babu. Kidole kikasimama kwenye la pili.

"Hili hapa," akasema.

Nikafungua mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba hilo ni jina langu tu, na huandikwa hivyo hivyo hata kwenye bili yangu ya maji. Nikaufunga.

"Yule mgeni alinificha," akasema. "Wewe umeniweka juu kabisa, kwa dhahabu." Akalisoma tena, herufi moja moja. Kisha kidole kikarudi nyuma, kwenye jina la kwanza, kikagonga hapo mara mbili.

"Ila ungenitanguliza mimi, mama. Wakati natunga jiwe lile, wewe hata hujazaliwa."

"Ni kweli, baba," nikasema.