Nyoka wa Anti Rispa

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba nyumbani kwetu, mtaa wa Ziwani, tunaishi na nyoka. Hakuwa uvunguni wala darini. Alikuwa ndani ya tumbo la Anti Rispa, dada mdogo wa baba, na mimi ndiye niliyelala na Anti kitanda kimoja.

Hata leo nikikumbuka kile kitanda, kinachonijia kwanza si hofu bali kinyaa. Anti Rispa alitoka jasho kama mtu aliyemwagiwa maji. Hata mwezi wa Julai, Nairobi inapokuwa na baridi ya kuvalia sweta mbili, yeye alilala bila blanketi, na godoro upande wake lilikuwa na unyevu ulionuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Macho yake nayo hayakufumbika vizuri. Niliamka asubuhi nikakuta weupe wa jicho ukinitazama, na mwenyewe bado anakoroma.

Hakuja kwetu akiwa hivyo. Alipotoka nyumbani, kule Kakamega, alikuwa msichana mnene mwenye kicheko kikubwa, akapata kibanda katika soko la Gikomba cha kuuzia sweta za watoto za mitumba. Wateja walimpenda. Kisha akaanza kula. Alikula ugali wa kutosha watu watatu, akakwangua sufuria kwa kidole, halafu akageukia mifupa ya samaki tuliyoiacha pembeni mwa sahani, akaifyonza mmoja mmoja. Mikono ilimtetemeka, hivyo mchuzi ulimtiririka hadi kwenye kiwiko, naye akaulamba. Mimi niliacha kula nikamtazama. Na kadiri alivyokula ndivyo alivyokonda, mpaka mifupa ya mabega ikawa inaonekana juu ya rinda.

Choo tulitumia pamoja na majirani. Kila baada ya kula alikikimbilia, na akitoka, wanawake waliokuwa wakifua kwenye mfereji walifunika pua kwa leso bila kujificha. Siku moja nikaona Mama ameweka kikombe na sahani ya Anti peke yake, mbali na vyetu. Anti alivitambua siku hiyo hiyo. Alivitumia bila kuuliza.

Ndipo Kukhu akaja. Kukhu ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake baba. Alifika na basi la asubuhi, akamlaza binti yake chali na kumbinya tumbo kwa vidole vyake vigumu. Tumbo likanguruma.

"Mmesikia?" akasema. "Ako hapa. Kila anachomeza huyu mtoto, nyoka anakula kwanza."

Baba, aliyekuwa karani wa reli na mtu wa kusoma gazeti, alicheka. "Mama, ni minyoo tu. Tutamnunulia dawa."

"Dawa ya minyoo mpe paka," Kukhu akamjibu. "Nyoka huyu atapanda. Atafika shingoni, mtamwona. Akitoka shingoni ataenda kwenye macho, atayasukuma nje. Hapo msiniite, maana nitakuwa nakuja kuzika."

Alikaa siku chache, akarudi kwake. Dawa ya minyoo ikanunuliwa, ikanywewa, na hakuna kilichobadilika.

Kabla ya mwaka kwisha, shingo ya Anti Rispa ilivimba. Uvimbe ulikaa mbele, chini kidogo ya koo, laini na mpana, na alipomeza chakula ulipanda na kushuka. Niliuona ukifanya hivyo tukiwa mezani nikasukuma sahani yangu. Kisha macho yakaanza kutoka, kidogo kidogo, mpaka akawa na uso wa mtu aliyeshtuliwa asiyeweza kutulia tena. Kule Gikomba wateja walianza kumpita. Hakuna mama aliyetaka kumnunulia mtoto sweta iliyoshikwa na mikono ile yenye majimaji.

Baba hakucheka tena. Alimpigia Kukhu simu mwenyewe, naye akaja.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Kukhu alisema nyoka hawezi kukataa maziwa ya moto, basi Anti akashindishwa njaa tangu jana yake. Alilazwa kitandani kifudifudi, kichwa kikining'inia nje ya godoro, mdomo wazi, na chini yake beseni la maziwa yanayofuka mvuke. Mama alikataa kulishika. "Mimi ni mtu wa kanisa," akasema, akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Beseni nikapewa mimi.

Kukhu alimnywesha majani aliyoyaponda, yaliyochanganywa na mafuta ya kondoo. Sijui yalikuwa majani gani, ila harufu yake nikiipata popote naweza kuijua: uchungu, uvundo na mafuta yaliyoganda. Anti alikohoa. Mate yake yalishuka kwa uzi mrefu mpaka kwenye maziwa. Kisha akatapika.

Yalitoka maji ya kijani, yakayakata maziwa yakawa mabonge. Yalirukia vidole vyangu, yakiwa na joto. Akatapika tena, na mara hii kitu kirefu, cha kijivu, chenye mikunjo, kilining'inia mdomoni mwake kisha kikaanguka ndani ya beseni.

"Huyo," Kukhu akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyechoka. Akakiinua kwa mwiko.

Wanawake majirani waliokuwa wamekusanyika mlangoni walirudi nyuma. Lakini mimi nilikuwa karibu kuliko wote, na nilikijua kitu kile. Kilikuwa kipande cha matumbo ya ng'ombe tuliyokula juzi yake, kile kigumu ambacho mimi mwenyewe nilikitafuna, nikashindwa, nikakirudisha sahanini. Anti alikiokota akakimeza kizima. Kilipita mdomoni mwangu, kikaingia kwake, na sasa kilikuwa hapo, kwenye mwiko wetu wa ugali. Nilitapikia ndani ya lile beseni pamoja naye.

Nilipoinua kichwa, Anti Rispa alikuwa amelegea. Midomo ilikuwa imepauka, na kando ya uvimbe mshipa ulipigapiga kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu. Mama aliingia akatuvuka sote, akaweka kiganja kifuani pake.

"Huu moyo unakimbia," akamwambia baba. "Tafuta gari. Kama hutafuti, mimi nambeba."

Jirani mmoja mwenye teksi ndiye aliyetupeleka hospitali. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, sauti yake ya upole. Walipokwisha kumwekea maji ya mshipani na moyo kutulia kiasi, alimpa Anti bilauri ya maji, akamwambia anywe taratibu huku yeye akitazama shingo. Uvimbe ukapanda, ukashuka.

"Umemwona?" Kukhu akauliza. "Anatembea."

Daktari hakumcheka. "Nimeuona, mama. Hili ni rovu. Kila mtu ana tezi hapa shingoni, hata wewe. Inatengeneza homoni na kuzimwaga kwenye damu. Hizo ndizo zinauambia moyo upige kwa kasi gani, na mwili uchome chakula haraka kiasi gani. Yake inamwaga nyingi kupita kiasi. Ndiyo maana anatoka jasho, anatetemeka, anakula na hanenepi."

"Na nani anaituma?"

"Kuna tezi nyingine chini ya ubongo, ndogo kama njegere. Hiyo ndiyo huituma hii ya shingoni, na ikiona homoni zimetosha, inanyamaza. Kwake imenyamaza kitambo. Shida ni kinga ya mwili. Badala ya kupigana na magonjwa, inaichochea tezi iendelee kumwaga. Hata macho kutoka nje ni kazi ya kinga hiyo."

Kukhu alifikiri. "Kwa hivyo kuna kitu kinamla."

"Ni mwili wake mwenyewe, mama."

Anti alimeza vidonge kwa miezi mingi mpaka mwili ulipotulia, kisha akapasuliwa, tezi ikatolewa. Siku ile baba alikabidhiwa mkebe wa plastiki apeleke maabara mjini, ikachunguzwe ile nyama iliyokatwa. Alikuwa ameutia kwenye juala, mfuko wa nailoni, akitaka tupite upesi. Kukhu alimzuia kwenye korido.

"Nionyeshe."

Baba alitazama huku na huku, akaufungua mfuko. Ndani ya maji ya dawa kulikuwa na nyama nyekundu iliyopauka, yenye mabawa mawili yaliyovimba, kama kipepeo aliyeoza. Mate yalinijaa mdomoni nikageuka ukutani. Kukhu aliugeuza mkebe taratibu, upande huu na huu, akitafuta.

"Mdomo wake uko wapi?" akauliza.

Alirudisha mkebe, akajifuta mikono kwenye kanga, na tangu siku hiyo mpaka alipofariki hakuwahi kutaja nyoka tena.

Anti Rispa bado yuko Gikomba. Kila asubuhi, kabla ya chai, humeza kidonge kimoja kidogo kinachofanya kazi ya ile tezi iliyotolewa, kwa maana bila hiyo homoni mwili ungefanya kazi polepole mno, angenenepa na kuhisi baridi mchana kutwa. Juzi nilimuuliza kama siku ile ya beseni yeye mwenyewe aliamini. Alikuwa akikunja sweta, na hakuacha kukunja.

"Nilimwomba Mungu awe ni nyoka," akasema. "Nyoka anatoka. Angetoka, mngejua lile jasho na ule ulafi havikuwa vyangu. Daktari aliposema ni mwili wangu mwenyewe, nililia kuliko nilivyolia siku Kukhu aliponitapisha."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Wengi hunitaka nimcheke Kukhu nikisimulia kisa hiki, nami siwezi. Kila alichosema kitatokea kilitokea, isipokuwa kuzika. Aliona vizuri, akakosea jina tu. Na nadhani nyoka wake alitufaa kwa jambo ambalo daktari hakuweza kutusaidia. Sote pale nyumbani tulimwonea Anti kinyaa, na tulimpenda, na hatukujua namna ya kubeba vyote viwili. Kukhu alitupatia kiumbe mwingine wa kuchukizwa naye. Mkebe ule ulipotolewa mfukoni na mdomo wa nyoka usionekane, alibaki Anti peke yake, na ikatubidi tujifunze upya kula naye.