Moshi wa Shamso

Watu wa Griftu, huko Wajir, wanasema ukiitafuta nyumba ya Shamso usimsumbue mtu kwa maswali, fuata pua yako. Hawamsengenyi, wanamsifu. Kila asubuhi, kabla ya kumimina maziwa ya ngamia, huwasha kijiti cha mti mgumu, akakitumbukiza ndani ya haan, chombo cha maziwa alichosukiwa na mama yake, akafunika na kuacha moshi uingie hadi kwenye nyuzi. Mitungi ya safari nayo huifukiza vivyo hivyo. Kila mwanamke wa huku anafukiza, maana bila moshi maziwa hayafiki mbali. Lakini kila mmoja ana mti wake na mkono wake, na mnywaji hodari akipiga funda moja tu atakwambia haya yametoka kwa nani.

Mumewe, Kerrow, alikuwa bingwa wa kuonja. Mwaka ule wa ukame alipowaswaga ngamia waliobaki kuelekea kusini, alimtania mkewe mlangoni: "Nikipotea nitaonja maziwa ya kila soko. Nikiyapata yako, nitauliza gari lililoyaleta limetoka wapi, nirudi."

Shamso akacheka. Ukame ukaisha, mvua zikaja zikapita, ngamia wa watu wakazaa, na Kerrow hakurudi. Hakuna aliyesema amekufa kwa sababu hakuna aliyemzika. Basi Shamso aliendelea kufukiza na kupakia mitungi kwenye malori ya kwenda Wajir mjini, Garissa, mpaka sokoni kwenye kambi ya wakimbizi ya Hagadera. Watu walisema mwanamke huyu anajua biashara. Walikuwa sahihi, ila hawakujua kwamba kila mtungi aliupeleka kama salamu.

Macho yake yalikuwa mekundu daima. Majirani wakimwuliza mbona machozi, alijibu, "Moshi tu," akajipangusa kwa ncha ya ushungi. Nani angebisha? Jikoni mle hata paka alipiga chafya. Ila daktari wa macho hakumficha: moshi ule ukiendelea, mama huyu atakuja kutembea kwa kupapasa ukuta.

Ndipo utafiti wa serikali ulipoingia mjini. Wizara ilitoa fedha za kujaribu gesi ya samadi, ili ijulikane kama watu wa nchi kavu wanaweza kupika bila kuni. Tangi likafukiwa karibu na soko la mifugo, ambako samadi haijawahi kuadimika, na mabomba yakalazwa mchangani hadi kwenye nyumba chache za majaribio. Wafanyabiashara wa ng'ombe walicheka wakashika mbavu. Mavi ya mnada yapike pilau!

Msimamizi alikuwa Ruweyda, mtafiti kijana kutoka Garissa. "Eddo," alisema, akimwita Shamso shangazi kama adabu inavyotaka, "hatujui kama gesi hii itawafaa. Ndiyo maana tunajaribu. Sharti ni moja, msimu mzima moto wa kuni usiingie jikoni." Akapigilia ukutani kisanduku kidogo, kipimo cha moshi. Hewa ikiwa safi kinawaka kijani, ukiingia moshi kinawaka nyekundu.

Shamso alikubali kwa sababu yake mwenyewe. Kerrow akirudi, atamwona kwa macho gani?

Siku ya kwanza alikaa mbele ya ule moto akasahau kuteleka sufuria. Ulikuwa wa buluu, rangi ya kikoi alichovaa Kerrow alipoondoka, na haukutoa sauti ila mnong'ono. Alinong'onewa hivyo hadi jua likapanda, akasinzia macho wazi, akaona mtu anakuja kutoka mbali nyikani na hafiki, anakuja tu. Alipozinduka aliona kuta zake kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Kumbe palikuwa na dirisha dogo alilolitoboa Kerrow.

Haan ndiyo iliyomtesa. Aliambiwa asifukize, akatii, na maziwa yakaondoka Griftu bila harufu yake. Akawa anamwona Kerrow katika soko fulani, anaonja, anatikisa kichwa, anarudisha kikombe na kwenda zake. Asubuhi moja alishindwa, akawasha kijiti kwa moto uleule wa serikali. Kisanduku kikawa chekundu, na Ruweyda, aliyekuwa akizungukia nyumba za majaribio, akapiga hodi.

"Eddo, ulikuwa unapika nini?"

"Sikupika. Nimefukiza. Maziwa yangu hayatambuliki tena."

"Na nani?"

Shamso alitazama chini. "Na wateja."

Ruweyda alikitazama kisanduku ukutani. "Nitaeleza hivyohivyo kwenye ripoti, kwamba jiko limekubali gesi, haan haijakubali. Utafiti ukificha jambo hilo ni bure. Ila kipimo changu kiko jikoni. Uani sina kipimo."

Tangu siku hiyo wakafukiza uani, Ruweyda akishika kijiti na kukohoa, Shamso akisimama upande unakotoka upepo na kumcheka. Maziwa yakaondoka na harufu yake. Wekundu wa macho ukaanza kupungua. Shamso aliona mambo yamekaa sawa, akashukuru Mungu.

Kisha akaja ofisa wa wizara kutoka Nairobi kulikagua jiko. Akapewa mkeka, Shamso akabandika chai. Moto ulipowaka akautazama, ile buluu ikamchukua kama kawaida, mtu yule akaja kutoka mbali na hafiki, na machozi yakaanza kumtiririka mashavuni bila yeye kujua.

Ofisa akageuka. "Ruweyda, mbona mama anatokwa na machozi? Si ulisema moshi umekwisha?"

"Moshi tu," Shamso alianza, mkono ukienda kwenye ushungi. Mkono ukaishia njiani. Wote watatu walikuwa wanatazama ukutani, na taa ilikuwa ya kijani. Dirisha la Kerrow lilikuwa wazi, hewa safi kabisa, na miaka yote ile aliyojificha ndani ya moshi ikamwacha uchi mbele ya wageni.

"Hii si moshi," alimwambia ofisa kwa Kiswahili chake. "Hii ni Kerrow. Bwana yangu. Alienda na ngamia, hajarudi."

Hakuwahi kulisema kwa sauti. Ofisa alivua miwani yake asijue pa kuiweka. Ruweyda akazima gesi, akaketi chini kando ya Eddo wake, na chai ikachelewa.