Wageni wa Kijivu

Juzi jirani yangu alichoma nyama uani, mapande makubwa kwenye vyuma virefu, na mafuta yalipodondokea makaa nikashindwa kutulia kitini. Kwa mawazo nilirudi utotoni, Kishapu, kwenye mchana ule baba alipomchinja Kijivu, ng'ombe wetu, baada ya watu wa serikali ya kikoloni kumpiga alama ya kwenda kuuzwa kwa lazima, na kumchinja ikawa kosa.

Mimi habari ya alama sikuijua. Niliona nyama kwenye vijiti vilivyochomekwa kuuzunguka moto, nikaamini ni sherehe, na sherehe haikosi wageni. Kila mara nilikimbilia njiani kuchungulia.

"Baba Limi, geuza upesi, moshi unaonekana mbali," mama alisema.

"Wakija, huyu ni mbuzi. Kijivu alipotelea malishoni."

Hatimaye vumbi likatimka, na matarishi wawili wa mtemi wakashuka kwenye baiskeli. Moyo uliniruka kwa furaha.

"Shikamooni! Mbona mmechelewa?" niliwaambia, nikawapelekea kijiti kilichonona kuliko vyote.

Mmoja alitafuna taratibu. "Mbuzi wenu mtamu, binti."

"Si mbuzi," nikajibu kwa majivuno. "Ni Kijivu!"

Mama aliketi chini ghafla. Baba hakunikemea, alifuta mikono kwa majani, akavaa shati lake la kanisani, akatangulia mbele ya baiskeli zao. Nami nilisimama njiani nikimpungia mkono, nikidhani anawasindikiza wageni.