Maharagwe Tuliyoyazika

Mama yangu alitoka upande wa Mbau na vitu viwili tu: jembe lisilo na mpini, na maharagwe kiasi cha vikombe viwili yaliyofungwa kwenye ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga. Mengine yote, nyumba, kahawa, mbuzi, kaburi la baba, aliyaacha asubuhi moja ambayo hataki kuisimulia, na mimi siulizi. Nilimpokea hapa Butembo katika nyumba yangu ya vyumba viwili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sina mume, kwa hiyo nafasi haikuwa shida. Shida ilikuwa asubuhi. Kila siku mama aliamka kabla ya jogoo, akanawa uso, akachukua jembe, akafika mlangoni, akakumbuka kwamba hana pa kwenda. Alirudi akakaa kwenye kiti kidogo na jembe miguuni, akitazama barabara mpaka jua lipande. Kabla ya Krismasi alikuwa ameacha hata kuongea. Niliogopa. Mtu aliyelima maisha yake yote, ukimnyima udongo, anaanza kufa akiwa amekaa.

Ndipo nikaenda kumwomba shamba mzee mmoja wa parokia yetu. Alikuwa na kipande mtelemkoni, chini ya miti ya mikalitusi, na kilikuwa hakijalimwa muda mrefu. Alitukubalia kwa maneno machache: "Mulime tu. Lakini musipande kitu ya kubakia."

Kila mtu wa kwetu anaelewa maneno hayo. Anayelima kwenye udongo wa mwingine hapandi ndizi, hapandi kahawa, hapandi mti, kwa sababu chenye kubaki kinadai. Unapanda cha msimu, unavuna, na kitunga cha kwanza unampelekea mwenye udongo. Tunakiita muhako. Si kodi, mzee anaweza kukigawa kwa jirani kabla hujafika kwako. Ni namna ya kusema: tunajua udongo ni wako.

Msimu wa kwanza tulipanda shu, yaani kabichi, na maharagwe ya mama. Udongo ulikuwa mwekundu na mgumu, mikalitusi ilikuwa imeunyonya hadi mfupa. Shu zilitoka ndogo kama ngumi ya mtoto. Maharagwe yalizaa kidogo, ya kujaza sufuria moja ndogo, na kitunga cha muhako tulikijaza shu kwa aibu. Mama alishika udongo ule, akaunusa, akautupa. "Hii ni matofali," alisema. "Ku Mbau, hata ukitema mate, kitu inaota."

Wakati huo mradi mmoja ulileta agronomu, mtaalamu wa kilimo, katika ukumbi wa kanisa. Tulipewa juisi, tukapewa daftari, tukafundishwa kwamba jamii ya maharagwe inarutubisha udongo. Unapanda kwa wingi, ikitoa maua tu, kabla ya ganda, unaikata mbichi na kuizika. Niliandika kila kitu. Nakiri nina ugonjwa wa walimu: kilichoandikwa kwenye daftari ninakiamini kuliko mtu aliyekifanya kwa mikono miaka hamsini.

Jioni nilimweleza mama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu, kama mtu anayemhoji mgonjwa wa homa:

"Mwana wangu, unasema tupande maharagi, ikitoa maua tukate, tuzike?"

"Ndiyo, mama. Itakuwa chakula ya udongo."

"Na siye, chakula yetu?"

"Ni msimu moja tu. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu gani, na maua tunaikata?"

Nikacheka. Lakini mama alikuwa mgeni nyumbani kwangu, alikula chakula changu, na nadhani hilo ndilo lililomfanya akubali. Alileta sufuria ya mbegu. Aliomba jambo moja: "Tubakishe hata kikombe moja." Nilimwambia daftari linataka mbegu nyingi, zisongamane. Nilimwambia njia ya Mbau, iliyofungwa na vita, itafunguka, mbegu ya huko haitakosekana. Kila mtu Butembo alikuwa akisema hivyo mwaka ule, kwamba njia itafunguka. Akamimina zote mkononi mwangu.

Yaliota vizuri kuliko tulivyostahili. Yalipochanua meupe mtelemko mzima, mama alikuwa akisimama kati yake bila kufanya kitu, na siku hizo alianza tena kuongea. Siku ya kukata alifanya ishara ya msalaba kwanza. Wiki ile nyumbani tulikuwa tunakula bugali na lengalenga, mchicha wa kwetu, bila mafuta. Majirani walisimama njiani wakituchekelea, wakisema mwalimu amesoma hadi anazika chakula.

Mzee mwenye shamba naye alipita. Alisimama muda mrefu.

"Munafanya nini?"

"Tunalisha udongo, tata."

"Munalisha udongo yangu?"

"Ndiyo, tata, ilikuwa na njala sana." Nikacheka, maana nilijiona nimesema jambo zuri. Yeye hakucheka.

Usiku ule mama aliuliza, "Na muhako ya tata?" Nikamjibu kwamba hatukuvuna, tutapeleka nini, maua? Akasema, "Hata kuku." Tulikuwa na kuku mmoja, anataga, na mayai yake yalikuwa ya mama. Nikakataa. Leo nikikumbuka jinsi nilivyokataa, kwa sauti ya kumsomesha mtoto wa darasa la pili, naona haya.

Msimu uliofuata udongo ulianza kubadilika. Haukuwa mweusi kama wa Mbau, ulikuwa na rangi ya kahawa, ulivunjika vidoleni, na ulikuwa na minyoo. Mama aliniita kutoka juu ya njia nije kuona minyoo! Alipanda puaro, vile vitunguu vya majani marefu, na kila asubuhi alifika mlangoni na jembe na hakurudi kukaa. Jioni alinisimulia habari za majirani wa zamani, nani aliiba kuku wa nani, nani alilewa siku ya harusi yake. Sikuwahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile katika nyumba yangu.

Puaro zilikuwa unene wa kidole tuliposikia kwamba watu wanapima shamba kwa kamba. Nilimkamata kuku, nikakimbia kwa mzee. Alikuwa ameketi uani. Hata hakumtazama kuku.

"Rudisha kuku yako, mwalimu."

"Tata, ni muhako. Tumechelewa tu."

"Mutu mwenye kulima, anavuna, analeta kitunga, huyo anajua yuko kwa batu. Weye ulilisha udongo, hukuniletea kitu. Mutu wa vile anafikiria kubakia." Kisha akasema bila ubaya, "Niko na batoto. Nilishauzisha."

Nilimweleza habari ya agronomu, ya daftari, ya udongo. Kadiri nilivyoeleza jinsi udongo wake ulivyokuwa mzuri sasa, ndivyo nilivyozidi kujifunga. Kwetu kuku akikataliwa, mambo yamekwisha. Hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Nilirudi na kuku kwapani, na njia nzima watu waliniuliza namuuza bei gani.

Tulipewa siku tatu kung'oa puaro. Tulizila zikiwa changa, hazikuwa na ladha. Kisha wakaja wachimbaji wa msingi wa nyumba. Fundi alisema udongo laini haufai chini ya ukuta, akaagiza utolewe wote mpaka ule mwekundu, ule wa matofali, uonekane. Waliubeba kwa toroli na kuumwaga barabarani, kwenye mashimo.

Nilimkuta mama hapo nikitoka shuleni. Alikuwa amepiga magoti pembeni ya barabara, akiuchambua udongo wetu kwa vidole, konzi baada ya konzi.

"Mama, unatafuta nini?"

"Mbegu kamoja tu. Pengine kamoja ilibakia."

Haikuwezekana. Tulikata maua kabla hayajatoa ganda hata moja. Mimi ndiye niliyepita mstari kwa mstari na daftari mkononi, nikihakikisha. Njia ya Mbau bado haijafunguka.

Sikumwambia. Pikipiki zilitupigia honi, na mtu mmoja akatutukana kwa Lingala. Niliweka mfuko wa madaftari ya wanafunzi kando, nikakunja kikwembe changu, nikapiga magoti karibu naye, nikaanza kutafuta.