Majina Niliyoyakata kwa Wembe

Kuna siku moja ninayoikumbuka kwa harufu ya karanga za kukaanga, mwanangu, na hata leo nikiisikia harufu hiyo, mkono wangu huenda wenyewe kifuani. Ninakusimulia kwa sababu jana uliniletea ile fomu ya tuzo ya vitabu vya siasa, ukaniomba nikusomee mswada wako kabla hujautuma. Nimeusoma. Unaandika vizuri kuliko nilivyoandika mimi. Lakini humo ndani nimekuta majina ya watu, na majina ya watu yana historia na mimi.

Nilikuwa na umri kama wako huo, enzi wanajeshi wanatawala. Shule niliishia darasa la saba. Baba yangu, aliyekuwa polisi hadi akastaafu, alinipeleka kwa mwalimu mmoja nikajifunza kupiga taipu, kisha nikapata kibaraza mtaa wa Bwaise, kando ya barabara ya Bombo. Mvua ikinyesha sana maji yaliingia mpaka barazani, nami nilikaa na mashine mapajani kama mtu aliyepakata mtoto, nikicheka. Nilikuwa mtu wa kucheka, amini usiamini. Nilikuwa na ndoto nyingi kuliko nguo.

Watu walikuja niwaandikie barua. Mwanzoni zilikuwa za kuomba kazi na kuomba viwanja. Baadaye zikawa nyingi za namna moja tu. "Mheshimiwa, ninamtafuta mume wangu." "Mheshimiwa, ninamtafuta kijana wangu, aliondoka nyumbani Jumanne amevaa shati la bluu." Wakazipeleka kambini, wakazipeleka maofisini, na hakuna aliyejibu. Mimi nilipiga taipu huku nalia, mpaka mteja mwenyewe ndiye anayenibembeleza.

Sisi wapiga taipu tulikuwa na desturi. Unatia karatasi ya kaboni, barua anaondoka nayo mteja, nakala unabaki nayo wewe, ili akiipoteza asianze upya kukueleza uchungu wake. Nakala zangu nilizitunza kwenye kopo la biskuti. Hazikuwa mali yangu, mwanangu. Nilikuwa nimewekewa amana tu. Hilo sikulijua bado.

Sasa, jirani yetu Ramadhani, dereva wa lori la kwenda Nairobi, alikuwa na redio iliyoshika stesheni za nje. Tulikuwa tunaisikiliza kwa sauti ya chini, masikio yamegusana. Siku hiyo wakatangaza tuzo: vitabu kuhusu siasa za nchi zetu, vya mambo ya kweli, si hadithi za kubuni, Kiswahili kinakubaliwa, utume nakala tatu Nairobi. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njia nzima.

Nikuambie nilichokitaka hasa. Picha gazetini niliitaka, sikatai. Lakini sisi nyumbani tulisema Kiswahili, na Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya wanajeshi, mjini kwetu watu walikisikia kama buti za askari. Nikimwamkia mtu dukani, maongezi yanakatika. Nilitaka siku moja watu wajue kwamba katika lugha hiyohiyo alikuwepo msichana aliyewalilia. Nilikuwa mpweke, na nilidhani kitabu kitanitafutia watu.

Basi nikafungua lile kopo. Nikaandika kitabu kizima kutokana na zile barua, kila mtu sura yake. Kitabu cha kweli, nikajiambia, hakifichi kitu. Nikaweka majina, nikaweka mitaa, kazi zao, na wake zao waliobaki. Watu kumi na wanne. Mmoja alikuwa Kizito, karani wa Kyebando, mume wa mteja wangu tuliyemwita Nalongo, maana alikuwa na mapacha.

Nilipomaliza nikafunga furushi kwa kamba ya katani nikampelekea Ramadhani, aende nalo asubuhi ya pili.

"Nini hiki?" akauliza.

"Nguo za shangazi."

"Shangazi yako amenenepa namna gani, mbona nguo zake zina uzito wa saruji?"

Tukacheka. Nilimdanganya, na tukacheka.

Mchana uleule nimekaa kibarazani najiona mwandishi mkubwa, Nalongo akaja. Hakukaa kwenye kiti cha wateja. Alinyoosha mkono, na mkononi ana karatasi iliyosokotwa, ile ya kufungia karanga.

"Zena, soma."

Nikaikunjua. Chumvi, mafuta, maganda mekundu mawili matatu, na katikati ya mafuta maneno yangu mimi: Kizito, karani, wa Kyebando, alichukuliwa mbele ya mkewe Nalongo na watu wenye miwani myeusi.

Ulikuwa ukurasa ulioharibika. Karatasi zetu zilizoharibika tulimpa mama muuza karanga wa pale jirani, azifungie. Siku zote nilizichana vipandevipande kwanza. Wiki ile, kwa haraka ya tuzo, na kwa furaha, nilimpa hivihivi.

"Nimenunulia watoto karanga," Nalongo akasema. "Huyu mmoja ameanza kujua kusoma. Amesoma jina la baba yake njiani. Kwa sauti, Zena. Watu wanapita."

"Nalongo, ni kitabu. Nimekiingiza kwenye tuzo. Nataka dunia ijue."

"Dunia inakaa Kyebando? Mimi ndiyo nakaa Kyebando."

Nikaanza kupangusa chumvi kwenye karatasi kwa kidole.

"Mimi nilikuletea bwana yangu unisaidie kumtafuta. Nani alikuambia umpeleke mashindano?" Akanitazama. "Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Bambi," akasema taratibu, neno ambalo watu wa kwetu humwambia mtoto aliyeanguka. Angenitukana ningevumilia. Alinionea huruma, halafu akaichukua karatasi yake, akaikunja, akaondoka.

Nikaifunga mashine nikakimbia kwa Ramadhani. Furushi lilikuwa tayari kwenye kiti cha lori.

"Nguo za shangazi zimefanya nini tena?"

"Si nguo," nikasema, nikamweleza yote. Uso wake ulibadilika nikiwa natazama. Kule mpakani askari walifungua kila kitu, na yeye ndiye angesimama mbele yao akisema ni nguo. Alilitoa furushi kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayebeba chungu cha maji ya moto.

"Nina watoto wanne, Zena," akaniambia. Hakuniambia jingine siku ile, wala kwa miaka mingi.

Nyumbani niliwasha sigiri ya makaa, nikachoma nakala mbili za kitabu na zile za kwenye kopo. Ya tatu ilinishinda kuchoma. Nikachukua wembe wa baba wa kunyolea, nikakata kila jina, kila mahali lilipokuwa, mpaka kurasa zikabaki na matundu kama madirisha. Majina ya kwenye mistari nikayachoma. Yale ya vichwa vya sura, kumi na manne, nikayatia kwenye bahasha, nikaanza kuwarudishia wenyewe nyumba kwa nyumba: Bwaise, Kyebando, mpaka Kawempe.

Usifikiri nilipokewa kama shujaa. Mzee mmoja alilipokea jina la mwanawe akafunga mlango. Mama mmoja alilitia mdomoni akalimeza, macho yake kwangu. Nyumba nyingine nilikuta uwanja umefagiwa na hakuna mtu. Wamehama, au nini, sijui. Tisa yalifika. Matano yalirudi na mimi. Nalongo alichukua lake mlangoni, akaniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, na haikuwa kweli.

Tuzo ikapita. Sikutuma kitu. Siku ya kumtangaza mshindi sikwenda popote penye redio. Wateja nao wakapungua, kisha wakaisha. Habari ilikuwa imeenea kwamba binti wa polisi anaweka nakala. Walikuwa sahihi, ndicho kilichouma. Nilikwenda kibarazani kila asubuhi, nikapangusa vumbi kwenye mashine, nikakaa. Siku nyingine mtu wa kwanza kusema nami alikuwa baba, jioni, akiniuliza mbona kimya. Kicheko changu kiliishia pale, na kilichorudi baadaye hakikuwa kilekile.

Miaka ikaenda. Ile serikali ikaanguka, wanajeshi wakakimbia, watu wakajaa barabarani wakipiga masufuria. Siku chache baadaye Nalongo akasimama tena mbele ya kibaraza. Amekonda, kichwa kimeingia mvi. Safari hii alikaa kwenye kiti cha wateja. Akafungua kadi ya ubatizo ya mapacha wake, na ndani yake kuna kile kikaratasi cha jina la Kizito, kimegeuka rangi ya chai.

"Bado una kitabu chako?"

"Ninacho."

"Lete. Sasa mwandike."

Alikuwa amekuja na gundi yake mwenyewe, unga wa muhogo uliopikwa ukawa mzito, ndani ya kikombe. Akapaka kwa kidole chake, mimi nikashika ukurasa. Kizito akarudi mahali pake, amepinda kidogo upande wa kulia. Ndivyo alivyo mpaka leo. Mengine kumi na matatu ni matundu bado. Hakuna mwingine aliyekuja, nami sikuandika kitabu kingine.

Kwa hiyo, mwanangu, shika haya. Kabla hujajaza fomu yako, chukua mswada wako uende kwa kila mtu uliyemtaja humo. Kaa naye chini, msomee ukurasa wake mpaka mwisho, umuulize. Akikataa, toa jina lake hata kama waamuzi watakunyima tuzo kwa hilo. Akisema subiri, subiri, hata kama ni miaka. Na anayekubebea usimdanganye uzito wa mzigo. Wewe utakaa na wale uliowaandika, si na waamuzi, na mtu akikaa kati ya watu wake wakawa hawasemi naye, mwanangu, siku ni ndefu mno.

Nenda na Mungu. Akupe milango inayofunguka ukibisha, na watu watakaokuja wenyewe, mchana kweupe, kukuletea majina yao kwa mikono yao. Amina.