Gorogoro Tano za Nanasi

Nimeuza mahindi soko la Moi's Bridge miaka kumi na miwili, kwa hivyo hakuna mtu wa kunifunza gorogoro. Huo mkebe wetu wa kupimia ukijaa ni kilo mbili, basi.

Akina mama wa kanisa letu hapa Yamumbi walipoamua tupike jemu ya nanasi ya kuuza siku ya harambee, nilishika usukani. Kila kilo ya matunda ilitaka kilo ya sukari. Mama Chebet, mwalimu mstaafu, akaleta mizani.

"Rudisha hiyo kitu, Mama," nikamwambia. "Hesabu iko kwa kichwa."

Nikapima gorogoro tano za nanasi iliyokatwakatwa, nikamwaga kilo kumi za sukari, nikakoroga nikiimba.

Jumapili ya harambee nilisimama mbele ya kanisa na maikrofoni kama mtu ameshinda kura. "Hii jemu imepikwa bila mizani!" Makofi yakalia. Nikamkaribisha mzee wa kanisa awe wa kwanza kuonja. Akadunga kijiko kwa nguvu, akavuta. Chupa nzima ikainuka na kijiko. Akatikisa. Chupa ikakataa kuachilia.

Mama Chebet akainuka. Alienda jikoni, akarudi na mizani na gorogoro iliyojaa nanasi iliyokatiwa wageni. Akaimwaga yote kwa mizani, kisha akaniita nisome mwenyewe.

Nikainama, nikasahau bado nimeshika maikrofoni.

"Kilo moja na nusu," nikanong'ona, na spika zote za kanisa zikatangaza.